Mdogo Wangu, Hiyo Kapsuli ya Uyoga Iweke Chini Kwanza

Mdogo wangu, vuta mkeka ukae. Leo sina haraka, na jambo lenyewe si la kuambiana mlangoni.

Mmoja wenu ameniandikia kutoka Makorora, hapa hapa Tanga. Anasema usingizi umemkimbia tangu mwaka jana. Adhana ya alfajiri inamkuta macho, moyo unamwenda mbio bila sababu, chakula kinamkinai, na kazini hujifungia chooni akalia, kisha akanawa uso na kurudi kwa wateja akitabasamu. Nyumbani hakuna anayejua. Sasa shoga yake aliyerudi kutoka Dar es Salaam amemletea kikopo kisicho na lebo, ndani mna kapsuli. Ameambiwa ni uyoga uliokaushwa ukasagwa, ule unaowafanya watu waone maruweruwe, ila humu umetiwa kidogo tu: haulewi, huoni kitu, unaendelea na shughuli zako huku moyo ukitulia polepole. Vijana wanaita maikrodozi. Ananiuliza, "Dada, nile?" Halafu ananiomba nisimcheke.

Nikucheke kwa lipi? Mfa maji haachi kutapatapa. Mtu aliyekesha miezi akitazama mabati, akiletewa kitu akaambiwa hiki kitakulaza, lazima atakigeuza geuza mkononi. Wala si wewe peke yako. Wamo wavulana wa maskani wanaouliza hayo hayo kwa kujificha. Wamo kina mama waliojifungua juzi, mtoto mzima, mume yupo, na bado hawaelewi kwa nini wanalia. Wamo waliomaliza chuo na bahasha za vyeti zimechakaa mikononi. Wote wameona kwenye simu watu wa Ulaya na Marekani, na Waafrika wenzetu waishio huko, wakisimulia jinsi uyoga ulivyowarudishia uhai. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kumeza.

Jibu langu nakupa mapema usije ukalitafuta katikati ya maneno: usile. Lakini ukiambiwa usile bila sababu utakula kesho nikigeuza mgongo, nakujua. Basi tuongee.

Kwanza sitakutisha kwa uongo. Uyoga huu si unga. Sisi watu wa Tanga unga tunaujua, hatuhitaji kusimuliwa. Umepita humu mwetu kwa bandari bubu na kwa barabara, umetuchukulia kaka zetu na dada zetu mmoja mmoja, hadi serikali ikaanza kutoa methadoni, Muhimbili mwaka 2011 na baadaye hapa kwetu hospitali ya Bombo, ili waliobaki wapate pa kushika. Uyoga huu hauleti arosto ya namna ile, wala haumfanyi mtu auze masufuria ya mamake. Anayekuambia ni kitu kimoja anakudanganya, na siku utakayogundua kwamba alikudanganya kwa hili, hutamwamini tena hata akikuonya juu ya unga wenyewe. Ndiyo maana naogopa uongo wa wanaotaka kukulinda sawasawa na ninavyoogopa uongo wa wanaotaka kukuuzia.

Wala sitakuambia kwamba hakuna ukweli wowote katika hizo habari. Upo. Ndani ya uyoga huo mna kemikali iitwayo silosibini. Mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, ndiye aliyeitenga mwaka 1958. Ikiingia mwilini hugeuzwa, ikapanda kichwani na kushika mahali pale pale panaposhikwa na serotonini, kemikali ya mwili inayohusika na hisia na usingizi. Vyuo vikubwa, Johns Hopkins cha Marekani na Imperial College London cha Uingereza, vimeijaribu kwa wagonjwa wa sonona kwa miaka sasa. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa 233 kutoka nchi 10, watu ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Waligawanywa makundi matatu: wengine walipewa miligramu 25 za kemikali hiyo safi, wengine 10, wengine 1 tu. Wiki tatu baadaye wale wa 25 walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Huko Australia, tangu Julai 2023, madaktari bingwa wa akili wenye kibali maalumu wameruhusiwa kuwaandikia wagonjwa wa namna hiyo.

Sasa tulia unisikilize hapa, maana ndipo mnapoteleza. Wale waliopewa miligramu 10 hawakuonyesha nafuu ya kuwatofautisha wazi na waliopewa 1. Na wale wa 25 hawakupewa kikopo waende nacho nyumbani. Walipewa mara moja tu, hospitalini, wamelala kitandani, wahudumu waliofundishwa wamekaa nao mpaka dawa ilipowatoka, saa sita hadi nane. Kabla ya siku hiyo walikwisha kuzungumza nao, na baada yake wakazungumza nao tena. Na bado, katika makundi yote matatu walitokea watu waliopata mawazo ya kujidhuru. Hao walau walikuwa wakiangaliwa. Wewe chumbani kwako Makorora, mlango umefungwa, feni inazunguka, nani atakuangalia?

Unaona basi. Habari njema unayoisikia kwenye simu ni ya kiasi kikubwa kinachotolewa mara moja mbele ya daktari. Kilicho mkononi mwako ni kiasi kidogo cha kitu kisichopimwa, kinacholiwa mara kwa mara, kwa siri. Haya ni mambo mawili, na muuzaji ameyafunga kitita kimoja.

Najua utaniambia haba na haba hujaza kibaba. Basi sikia. Mwaka 2021 watafiti wa Imperial College walitoa majibu ya jaribio la hizi hizi dozi ndogo. Watu 191 waliokuwa wanakula maikrodozi kwa hiari yao wenyewe walifundishwa kujifungashia kapsuli, nyingine zina dawa, nyingine tupu, zikachanganywa kwa namna ambayo mwenyewe hajui leo amemeza ipi. Majuma yakapita, kila mtu akijaza jinsi anavyojisikia. Mwisho wake, waliomeza dawa walipata nafuu. Na waliomeza kapsuli tupu nao walipata nafuu, karibu sawasawa. Aliyedhani amemeza dawa alijisikia vizuri hata kama ndani hamkuwa na kitu.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema maradhi yako ni ya kujitungia. Hapana, hapana kabisa. Sonona ni ugonjwa, unaumiza, na unaua. Ninachokuambia ni kwamba wale watu walipata kitu ambacho hakikuwa dawa ya ndani ya kapsuli. Walikuwa wameamua kwamba sasa najishughulikia. Kila siku walijiuliza, leo nikoje? Waliamini msaada uko njiani. Hebu jitazame: tangu mwaka jana nani amekuuliza ukoje, ukamjibu kweli? Umewajibu wote "niko poa". Hata mama umemjibu "niko poa". Mficha maradhi kilio humfichua, mdogo wangu, na mimi sitaki kilio.

Wapo watakaokuambia hii ni dawa ya asili, ya mababu, basi haina ubaya. Wenye mababu hao ni Wamazateki wa Mexico. Mganga wao aliyejulikana duniani ni bibi mmoja, María Sabina, wa mji wa Huautla de Jiménez. Kwake mgonjwa hakujilia uyoga chumbani. Ilikuwa kesha la usiku, bibi mwenyewe akiimba na kuomba, jamaa wamekaa, na nia ni moja, kutafuta uzima wa mtu yule. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, Gordon Wasson, aliandika habari zake kwenye gazeti kubwa la kwao, wageni wakafurika mjini kutafuta raha. Bibi wa watu alisumbuliwa na polisi, nyumba yake ikachomwa moto, na alikufa mwaka 1985 akiwa maskini, akisikitika kwamba kile kitu kilipoteza nguvu tangu wageni walipokigusa hivyo. Sasa wewe unaletewa mabaki ya jambo lake, pasipo kesha, pasipo bibi, pasipo wimbo, na unaambiwa ndiyo asili yenyewe.

Na sisi pwani tulijua hilo siku nyingi. Mtu akizidiwa na roho, wazee hawakumwacha ndani peke yake. Ngoma ilipigwa, ubani ukafukizwa, shangazi walikuja kutoka Pangani na Muheza, mgonjwa akakalishwa katikati ya watu wake. Mimi sikutumi kwenye ngoma ya mashetani, na nimeona wagonjwa waliocheleweshwa huko mpaka wakaharibika. Lakini wazee wale jambo moja walilishika: kichwa kinachouma hakiachwi na mwenyewe.

Sasa nije kwenye linalonikosesha usingizi mimi. Hospitali zinazofanya majaribio haya, kabla ya kumpokea mtu, humuuliza: kwenu kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Kuna aliyesikia sauti? Kuna anayepanda akawa na furaha isiyo na mpaka, halali, anagawa mali, kisha anaporomoka? Ukisema ndiyo, wanakukataa, kwa sababu kitu hiki kinaweza kumwamsha mtu ugonjwa uliolala katika ukoo. Haya, wewe wa kwetu utajibu nini? Nyumba zetu zimejaa siri. Mjomba aliyekuwa akizungumza peke yake uwanjani, mlifundishwa kwamba alirogwa na washirika wake wa biashara. Bibi aliyekuwa haoshwi wala halishwi mpaka aombwe, mliambiwa ana jini la kurithi. Shangazi aliyepotea miezi, mkaambiwa amekwenda Korogwe kwa ndugu, kumbe alikuwa Lutindi. Hukuambiwa kwa sababu palikuwa na harusi za kupangwa na wachumba wa kutokimbizwa. Nawaelewa wazee wetu, waliogopa kunyooshewa vidole. Lakini siri ile leo inakuweka wewe hatarini, maana hujui umebeba nini katika damu, na kapsuli haitauliza.

Nimeitaja Lutindi na najua umeguna. Wengi mnaitaja kwa utani au kwa tusi. Acheni. Ile hospitali iliyo juu ya milima ya Usambara, Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watumwa waliookolewa, na mwanzoni mwa karne iliyofuata ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika nchi hii. Hadi leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa wake hufanya kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya matibabu. Yaani mkoa wetu huu umekuwa ukiwatunza watu wenye maradhi ya akili kwa zaidi ya miaka 100. Mtu wa Tanga ana haki gani ya kuona aibu kusema kichwa kinamuuma?

Turudi kwenye kikopo. Umeniambia hakina lebo. Nani aliyesaga? Alisaga uyoga gani? Uliza Wasambaa wa kule Lushoto na Amani, watu waliozaliwa msituni. Mvua za masika zikianza wanaokota uyoga wa kula, na mtoto haruhusiwi kuokota mpaka mkubwa auone. Wanajua kwa nini. Kuna uyoga ambao sumu yake haiumi siku unapoula. Saa sita hupita, hata kumi na mbili, ndipo kuhara na kutapika kunapoanza. Kisha mgonjwa hupata nafuu, watu wanashukuru Mungu, kumbe ini linakufa ndani kwa ndani, na siku chache baadaye ndilo linalomwondoa. Uyoga ukishasagwa ukawa vumbi ndani ya kapsuli, hata bibi wa Lushoto hawezi kukuambia ni upi.

Na usidhani ni ushamba wa huku kwetu. Marekani, nchi yenye maabara kila kona, mwaka 2024 ziliuzwa madukani chokoleti na peremende za Diamond Shruumz, zimefungwa vizuri, zimeandikwa kwamba ni za maikrodozi. Watu wakaanza kudondoka, wengine kwa degedege, wengine wakapoteza fahamu. Hadi bidhaa zile zinaondolewa sokoni na uchunguzi kukamilika, walihesabiwa wagonjwa 180 katika majimbo 34, na 73 kati yao walilazwa. Zilipopimwa zilikutwa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi, zikiwemo dawa za hospitali. Kama hayo yametokea kwenye pakiti yenye jina na anwani, kikopo cha shoga yako kinanitia hofu.

Halafu kuna ninyi ambao tayari mnatumia dawa za hospitali. Ninyi ndio nawakazia zaidi. Kuna aliyeniambia ameacha vidonge vyake vya sonona ghafla ili "apishe" uyoga ufanye kazi. Mwanangu, usifanye hivyo! Dawa hizo zikikatwa ghafla hukurudishia kizunguzungu, hofu na mawazo mabaya kuliko ulivyoanza. Na anayetumia lithiamu asiguse kabisa; waliochanganya viwili hivyo wamepata degedege. Tena wataalamu wa moyo wana wasiwasi na kula kitu hiki mara kwa mara kwa miezi, kwa sababu hushika pia sehemu zinazohusika na vali za moyo, na kuna dawa nyingine za zamani zilizoharibu vali za watu kwa njia hiyo hiyo. Kwa uyoga bado haijathibitishwa. Ila wewe usiwe wa kuthibitishiwa.

Sheria nayo nitaisema kwa kifupi, maana sitaki ukatae kwa kuogopa polisi pekee. Umoja wa Mataifa uliiweka silosibini katika kundi la makatazo makali mwaka 1971, na sisi tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Udogo wa kapsuli hautakuwa utetezi wako. Na wale wenye ndugu Muscat wanaofikiria kubeba zawadi kwenye begi, nawaomba kwa jina la mama zenu, msithubutu. Oman hakuna mchezo katika jambo hili, na shoga yako hatakuja kukutetea.

Mtaniambia, basi Dada, umetunyang'anya kapsuli, unatupa nini?

Nawapa kwanza ruhusa ya kusema. Mtafute mtu mmoja, mmoja tu, asiye na mdomo, umwambie maneno haya haya uliyoniandikia mimi. Usiyapambe. Anaweza kuwa shangazi, anaweza kuwa dada mkubwa wa jirani, mwalimu wako wa zamani, imamu au mchungaji mwenye subira. Akianza kukuambia "sali tu" au "olewa tu yataisha", mshukuru, kisha tafuta mwingine. Dua ni yetu na hatuiachi, lakini mwenye malaria huomba dua na kumeza dawa, na sonona haina tofauti.

Zimbabwe waliona madaktari wa akili ni wachache mno kuwatosha watu wao. Mwaka 2006 daktari mmoja, Dixon Chibanda, akawachukua bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kupanga tatizo moja baada ya jingine, wakikaa naye kwenye benchi nje ya zahanati. Basi, benchi na bibi. Walipopima kitaalamu na kutoa majibu mwaka 2016, wagonjwa waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka ukafika hata Zanzibar, hapo ng'ambo yetu tu. Mimi naupenda kuliko habari zote za maabara, kwa sababu bibi hawajatuishia Tanga. Wapo Ngamiani, wapo Msambweni, wapo Pangani, wamezika waume na watoto, wamefunga biashara na kufungua nyingine, na wanajua usiku mrefu ukoje. Tunawasalimia tukipita, shikamoo bibi, marahaba, tumeondoka. Hatukai.

Pili, nenda hospitali. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa mzima, na maradhi ya akili yanatibiwa hapo. Ukiwa Muheza, Korogwe, Pangani au Mkinga, anza na hospitali ya wilaya yako, watakuelekeza. Usiseme "tumbo linauma" halafu ukategemea daktari akisie. Sema: silali, nalia, sina hamu ya kitu, moyo unakwenda mbio, imeanza lini. Daktari akipima akaona inafaa, zipo dawa za sonona ambazo nchi yetu imeziweka katika orodha ya dawa muhimu, kama amitriptilini na fluoksetini, zilizotumika miaka mingi na madhara yake yanajulikana. Nakuonya mapema: hazifanyi kazi kesho. Huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo mdomo unaweza kukauka au tumbo likasokota. Hapo ndipo wengi mnapozitupa mkasema hazifai. Vumilia, rudi kwa daktari umwambie, atapunguza au atabadilisha. Mbona kwa kapsuli ya siri ulikuwa tayari kuvumilia?

Ukiona huwezi kusubiri asubuhi, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kwa mtoto, hata wa kidato, ipo 116.

Na wewe ambaye hukuandika kwa sababu umekwisha kuchoka, unayewaza kwamba nyumbani watapumzika ukiondoka. Nakuona. Hawatapumzika. Najua unaogopa kusema kwa kuwa umesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa katika sheria yetu. Kusema kwamba unawaza kufa si kosa. Mwambie muuguzi, mwambie daktari, mwambie ndugu leo hii kabla hakujachwa, na vitu vya hatari vilivyomo chumbani mkabidhi mtu avitunze. Usilale peke yako usiku wa leo.

Kama umeshakula hizo kapsuli nazo zimekutia hofu, macho yanaona yasiyokuwepo au tumbo limechafuka, nenda hospitali sasa, na useme kweli ulichokula. Beba hata mabaki yake daktari ayaone. Anayekwenda na mgonjwa wa namna hiyo asimpigie kelele njiani. Amshike mkono, azungumze naye kwa sauti ya chini mpaka wafike. Matusi yatasubiri, au bora yasahaulike.

Kwako wewe wa Makorora: kikopo usimrudishie shoga yako, atampa mwingine. Kimwage chooni. Shoga mwenyewe usimchukie, huenda naye ana yake yanayomlaza macho, kwa hiyo muulize. Kisha Jumatatu asubuhi omba ruhusa kazini, sema unaumwa, kwa kuwa ni kweli unaumwa. Mchukue mtu mmoja mfuatane mpaka Bombo, muulize mapokezi ilipo kliniki ya afya ya akili. Ukitoka huko uniandikie wamekuambiaje.